Daktari wa mifugo wa kuja nyumbani hapa Mtwara: nyota nne, ya tano nimeizuia

Mtwara kuchele! Naulizwa sana kijibwa changu namtibia wapi, kwa hiyo leo naandika mara moja yaishe. Huduma ninayoisemea ni ya daktari wa mifugo anayekufuata nyumbani hapa Mtwara mjini, mi niko upande wa Chikongola, anakuja na pikipiki, boksi la barafu na begi la dawa, anamaliza kazi barazani kwako anaondoka. Nampa nyota nne kati ya tano. Katika hizo nne, tatu kazipata kwa jambo moja tu, hagusi sindano wala kidonge kabla hajampima mbwa uzito. Mwenye limbwa la kulinda godauni la korosho anaweza kuona hilo dogo, ila sisi wenye mbwa wa kilo nne kila kitu kinaanzia kwenye kilo, dawa, chakula, mpaka hela unayolipa.

Jina lake na namba siweki, namba ya mtu haibandikwi ovyo, ulizia kwenye maduka ya dawa za mifugo mjini wanamjua, ni yule anayetembea na kikapu. Kikapu nakuja kukieleza.

Mgonjwa mwenyewe anaitwa Kashata, jike, mchanganyiko wa mbwa aina ya Maltese na kitu kingine ambacho hata aliyeniachia hakijui. Aliyeniachia ni mfanyakazi mwenzangu, alihamishiwa Dodoma akasema safari ile na mbwa haiwezi, nikampokea. Ana kilo 4.2, manyoya marefu, miguu mifupi na mdomo wa mbwa watatu.

Sasa kikapu. Huyu daktari hana mizani ya mezani ya kliniki, ana ile ya ndoano ya kuning'iniza, ileile wanayopimia samaki pale feri, na kikapu cha ukindu cha mikono mirefu. Anamtia mbwa ndani ya kikapu, kiganja kimoja kinamfunika mgongo asiruke, anakitundika kwenye ndoano ananyanyua kidogo tu kutoka chini, anasubiri mshale utulie maana mbwa anatikisika, anasoma, anatoa uzito wa kikapu kitupu, anaandika kwenye daftari. Siku ya kwanza jirani yangu alikuwa anaanika dagaa akapaza sauti ukutani, "Dokta, huyo kilo unafanya shingapi?" Mtaa mzima ukacheka, yeye wala hakucheka, anapiga hesabu kwenye simu yake halafu anakugeuzia uone. Hiyo ya kukugeuzia simu ndo naipenda zaidi, maana unajua umelipia nini.

Vidonge vingi vya minyoo vya mbwa vimepangwa kidonge kimoja kwa kilo 10, kwa hiyo Kashata ni nusu tu, anakata kwa wembe mbele yako. Mbwa mkubwa anapewa kila baada ya miezi mitatu, watoto ndo kila wiki mbili mpaka wafikishe miezi mitatu, na usidharau minyoo eti kijibwa kinakaa ndani hakili uchafu, watoto wanazaliwa nayo na kuinyonya kwenye maziwa ya mama yao, na kuna ile ya safura inapita kwenye ngozi ya miguu tu mbwa akikanyaga mchanga wenye mayai yaliyoanguliwa, na huku kwetu mchanga ndo ardhi yenyewe.

Kwa nini nasisitiza kilo. Kuna duka moja la dawa za mifugo hapa mjini, silitaji, nilienda kuulizia dawa ya kupe. Kijana akaniuliza mbwa mkubwa au mdogo, nikasema mdogo, akachukua ile ivermectin ya ng'ombe akasema "mpige mili moja basi, mkubwa huwa tunampiga mbili". Nikamwomba chupa niisome. Imeandikwa mili 1 kwa kilo 50 za mnyama! Yaani hata kama ungetumia kipimo hichohicho cha ng'ombe, Kashata alistahili chini ya sehemu ya kumi ya mili, na yeye alitaka kunipa karibu mara 12 ya hapo, kwa uhakika kabisa, huku anachat. Nikamrudishia chupa yake akanuna. Baadaye daktari ndo akanifafanulia kwamba kuna mbwa, hasa wenye damu ya mbwa aina ya Collie, ambao dawa hiyo inapenya mpaka kwenye ubongo, anaanza kuyumba, macho hayaoni, anazimia, na kwa mbwa chotara kama wetu hawa hujui kabeba damu gani, kwa hiyo yeye hiyo ya ng'ombe haitumii kwa vijibwa kabisa. Na zile dawa za kuogeshea ng'ombe za majimaji unazochanganya kwenye ndoo ni hivohivo, mtu anakadiria kizibo, mbwa anachovywa mzima, jioni amelegea hatembei anatapika, wenyewe wanasema eti kalogwa.

Na dawa za binadamu msiguse jamani. Ibuprofeni na diklofenaki zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, panadol inaua ini, na kidonge kimoja ambacho kwako ni cha kichwa tu kwake kilo nne ni sumu.

Kupe. Hapa ndo alipoipata nyota ya nne. Kashata alianza kukataa chakula, analala tu uwani kwenye saruji, mi nikadhani joto. Dokta alipokuja hakuanza na sindano, alimfunua masikio yote mawili, akampanua vidole kimoja kimoja, kwapani, chini ya mkia, akatoa kupe wadogo wawili kati ya vidole vya mguu wa nyuma, wamenenepa, rangi ya kijivu. Halafu akainua mdomo wa juu akabonyeza fizi kwa kidole gumba akaachia. Fizi nzima ukibonyeza inakuwa nyeupe halafu rangi inarudi ndani ya sekunde mbili, ya Kashata ilikuwa imepauka hata kabla ya kubonyezwa. Akachukua damu kidogo mguuni akaipeleka TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, bahati nzuri wana kituo hapahapa Mtwara, watu wengi hawajui hilo. Majibu yakarudi ni ugonjwa wa kupe, ile Ehrlichia. Dawa yake ni doksisaiklini kwa siku 28, na hapo tena akapima kilo akanitafutia vidonge vinavyokatika badala ya kapsuli, akanionya nisimpe tumbo tupu na lazima ashushie na chakula au maji maana kikikwama kooni kinaunguza. Siku ya tatu nne akaanza kunifuata mpaka mlango wa jikoni, ila siku zote 28 nilimaliza, usikatishe kisa mbwa kachangamka.

Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa ni jambo lingine, hiyo inaweza kuwa babesia, nayo inaletwa na kupe, usisubiri kesho. Mbwa akitokwa damu puani bila kugongwa vilevile.

Jambo ambalo sikulitegemea, akaniambia nyumba nayo inaumwa. Kupe wa mbwa, wale wa rangi ya hudhurungi, anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya nyumba, anapanda ukutani anataga kwenye nyufa, kwa hiyo kumpaka mbwa dawa na kuacha ukuta ni kupoteza hela. Tukaziba nyufa za baraza kwa saruji, godoro lake likachomwa, sasa anatumia matone ya mgongoni, na hayo matone pia yanauzwa kwa uzito, soma pakiti, ya mbwa wa kilo 20 mpaka 40 usimgawie wa kilo nne eti utakadiria robo.

Chanjo. Ya kichaa cha mbwa anachanja kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, anajaza kadi, anagonga muhuri. Ya kwake ya kulipia si kwamba ni bora kuliko ya serikali, chanjo ni chanjo, na kuelekea tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, watu wa mifugo mara nyingi wanapita wanachanja bure, nenda. Mikoa yetu hii ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya ule mradi wa WHO wa kupambana na kichaa cha mbwa ulioanza mwaka 2010, kwa hiyo watu wazima wengi wanakumbuka foleni za mbwa kwenye kamba. Shida ya foleni ile kwa kijibwa ni kwamba unampeleka katikati ya mbwa wa watu wa kilo 20 wamekasirika, mi moyo wangu hauwezi.

Hizi nyingine za magonjwa ya virusi, parvo na distemper, ndo hazipatikani ovyo hapa, anaagiza Dar inakuja na basi kwenye barafu. Mbwa mdogo anaanza wiki ya sita mpaka ya nane, anarudia kila baada ya wiki tatu nne mpaka afike wiki 16. Parvo ni ile ya kuharisha damu inayonuka, kirusi chake kinakaa kwenye udongo hata mwaka, kwa hiyo mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo usimtembeze mtaani kumwonyesha watu. Ile Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga hakuna kilichofika, chanjo wala chakula cha paketi, tulikaa tu tunaangaliana.

Na nimsifie kwa hili, kuna siku alikuja akafungua boksi barafu imekuwa maji, akagusa chupa, akafunga. Chanjo inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, akasema hii simchomi, akanirudishia hela yangu akaenda. Umeme wetu tunaujua, angeweza kunichomea maji ya moto nikamshukuru na kumpa soda.

Kwenye chakula ndo tuligombana kidogo, kwa heshima lakini. Mimi nilikuwa na msimamo kwamba mbwa ni mbwa, anakula alichobakiza mtu. Akapiga hesabu tena kwenye simu. Mbwa mzima wa kilo nne na kidogo anahitaji kama kalori 300 kwa siku. Chapati moja ya hapa mtaani yenye mafuta yake inakaribia hapohapo! Yaani mtoto akimrushia Kashata chapati asubuhi, kala siku nzima, na bado ana bakuli la mchana na la usiku. Na korosho, sisi watu wa korosho, msimu ukianza Oktoba kila nyumba ina sahani mezani na kila mgeni anamrushia mbwa. Korosho yenyewe si sumu, ila gramu 30, kiganja kimoja tu, ina kalori zaidi ya 160, nusu ya siku yake, na mafuta mengi ya ghafla yanachafua kongosho, mbwa anatapika anajikunja tumbo linauma. Kama ni zabibu kavu au chokoleti usijaribu hata kidogo, hizo sumu kweli. Vitunguu navyo, maji na saumu vyote, vinavunja chembe za damu, kwa hiyo bakuli la pilau la sikukuu unaloona ni huruma kumnyima, huruma ni kumnyima.

Sasa hivi nampikia wali kidogo, nyama ya kusaga au samaki asiye na miiba, boga au karoti, bila chumvi bila kitunguu. Ng'onda hapati, chumvi ile hata mimi inanishinda. Dagaa nawaroweka kwanza namwaga maji. Mifupa ya kuku iliyopikwa imekoma, inapasuka vipande vyenye ncha, koo la Kashata lenyewe halipiti kidole. Dokta anataka kila siku nichanganye na chakula cha paketi maana wali na nyama peke yake hauna kalisi ya kutosha, hapo ana haki, ila hali halisi ya hapa ni kwamba paketi nzima ya kutoka Dar ni bei ya kilo kadhaa za nyama, na ile wanayofungua gunia wakakupimia kwa kilo mi siiamini, hewa ya bahari hii inapitisha unyevu kila mahali, siku chache imeshashika ukungu, na ukungu wa nafaka unaleta sumukuvu, inakula ini. Pumba zilizokaa zaidi ya msimu hivohivo, harufu ya vumbi la stoo ukiisikia mwagia mbali. Kwa hiyo nanunua paketi ndogo iliyofungwa, nachanganya kidogokidogo, hajaridhika nami sijaridhika tunaendelea.

Mwenye mtoto wa mbwa mdogo sana, chini ya miezi minne, ampe mara tatu nne kwa siku hata kama ni kijiko, hivi vijibwa sukari inashuka haraka, unamkuta amelegea anatetemeka kama mwenye homa. Asali au glukosi kidogo ipakwe kwenye fizi, halafu ndo umpigie daktari.

Kitu kingine alichoniambia ambacho sikuwahi kusikia, mkanda wa shingoni kwa mbwa wa aina hii unambana koo, bomba lao la hewa ni laini linaweza kubonyea, unamsikia anakohoa kama bata. Anatakiwa avae mkanda wa kifuani. Dukani haukuwepo saizi yake, nikampelekea fundi viatu mikanda ya begi la shule lililochakaa, akapima kifua kwa kamba, akashona, buku tano. Umedumu. Natembea naye Shangani pwani alfajiri au jua likishazama, mchana mchanga unachoma nyayo na mbwa hatoki jasho mwilini, anapoa kwa kuhema tu, na unyevu wa huku ukizidi hata kuhema hakusaidii. Manyoya usimnyoe mpaka ngozi, punguza tu, ngozi nyeupe ile inaungua.

Haya, majirani. Mi mwenyewe ni Mwislamu, mama mwenye nyumba ni mtu wa swala tano, na nilipoingia na mbwa alisema neno moja tu, "Mwanangu." Nikaelewa. Makubaliano yetu ni kwamba Kashata haingii ndani, ana kibanda uwani na kona ya baraza, ana vyombo vyake, mi nina khanga yangu ya kumshikia ambayo siswalii, na akilamba chombo cha watu kinaoshwa mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofundishwa madrasa. Mjadala wa kufuga mbwa wa mapambo masheikh wanao, mi nahakiki daktari tu. Na daktari mwenyewe siku ya kwanza alisimama getini akauliza, "Shikamoo mama, huyu mbwa anaingia ndani? Nifanyie wapi?" Akatandika turubai lake mwenyewe, akavaa glavu, akamaliza akakunja turubai kwa ndani, akanawa kwa bomba la nje, hakuna tone la udenda wala unyoya uliobaki kwenye mkeka wa mtu. Mama akamtengea chai. Wapo wa kuja wakamwachia mbwa akimbie ukumbini na sindano mgongoni, sasa hapo unahamishwa nyumba kwa kosa la daktari.

Jingine la majirani ni maneno. "Mbwa analetewa daktari na sisi tunapanga foleni." Hilo halina jibu zuri, mi huwa nanyamaza, na kusema kweli siwalaumu. Ila siku mtoto wa nyumba ya pili alipokwaruzwa na jino la Kashata wakicheza, kadi ile ya chanjo ndo ilituokoa na ugomvi. Nilimpigia dokta akashika simu palepale, akasema kidonda kiwekwe chini ya maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, msipake mafuta wala majani, mtoto apelekwe hospitali ya Ligula hata kama mbwa kachanjwa, madaktari wa watu ndo waamue kuhusu sindano. Na mbwa asiuawe wala kutupwa, afungiwe aangaliwe siku 10, angekuwa na kichaa mateni siku ile asingemaliza hizo siku mzima. Akapita mwenyewe kumwangalia, hakunichaji ya kupita. Mama wa mtoto akaishika kadi akasoma tarehe, akarudisha, akasema sawa. Kichaa dalili zikishaanza karibu kila mtu anakufa, kwa hiyo hapo siwezi kumwambia mzazi yeyote apunguze hofu.

Wenye majike kama mimi, joto la kutaka dume linakuja kama mara mbili kwa mwaka na hapo ndo utajua mtaa wenu una mbwa koko wangapi. Wanalala getini, wanapigana usiku, mama mwenye nyumba anakwenda swala ya alfajiri anawaruka. Na si kero tu, jike la kilo nne likipandwa na dume la kilo 15 watoto wanaweza kuwa wakubwa njia isitoshe, mama na watoto wote wanapotea. Dokta anashauri kufunga uzazi, pia inazuia usaha wa kizazi ukubwani, ila yeye upasuaji huo hafanyi barazani, anasema nusukaputi ya mnyama mdogo bila vifaa vya kumwangalia mapigo hataki. Jibu zuri, ila limeniacha nina mbwa ambaye hajafungwa uzazi uwani na magunia nimeziba chini ya geti.

Sasa nyota iliyobaki. Kwanza muda. Saa nne kwake inaweza kuwa saa nane, na hasemi, anatokea tu. Nimeshakosa kazi nusu siku nikimsubiri. Pili risiti hatoi, anaandika kwenye daftari lake, kwako inabaki kadi ya chanjo tu, ukitaka historia ya matibabu mpaka umwombe apige picha kurasa. Mtu anayepima mpaka uzito wa kikapu anashindwa nini kununua kitabu cha risiti? Tatu meno. Vijibwa meno yao yamebanana, ukoga unaganda, Kashata mdomo unanuka na fizi zina wekundu, kusafisha kwa mashine anasema Dar, zaidi ya kilomita 550, basi zenyewe nyingi hazipakii mbwa. Kanionyesha kusugua kwa kitambaa kilicholowa kila jioni, dawa ya meno ya watu hapana, nafanya, inasaidia kiasi.

Na bei, maana mtauliza. Mi nimekuwa nikimlipa elfu 15 ya kuja hapa mjini, ukiwa Mikindani au Naliendele unaongeza mafuta, kichaa elfu 10, minyoo buku tatu, za kuagiza Dar anakutajia kabla na anataka nusu mkononi. Dukani ungetumia pungufu. Ila dukani unaenda na bajaji, na bajaji akiona mbwa anataka nauli mara mbili au anakwambia amepata dharura, halafu unakutana na yule kijana wa mili moja. Kabla hujamlipa mtu yeyote wa kuja nyumbani mwulize kasajiliwa na Baraza la Veterinari au hapana, huyu nilimuuliza akatoa cheti kwenye begi bila kununa, kasoma chuo kikuu cha SUA Morogoro.

Ukimpigia piga kabla ya saa mbili asubuhi, mwambie mtaa, umri wa mbwa, na kama kala au hajala. Baada ya hapo yuko Nanguruwe kwenye ng'ombe za watu na mtandao kule unakatakata, meseji anajibu usiku.